Simu ya wizi: Mnunuzi ndiye anayempa mwizi kazi

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na wazazi pamoja na vijana wetu juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba imeshalionja, nalo ni wizi wa simu za mkononi.

Mmoja amechomolewa simu ndani ya daladala. Mwingine amenyang'anywa na watu wawili waliokuwa juu ya pikipiki, naye akiwa anaongea kando ya barabara. Mwingine aliiweka juu ya ukuta wa birika wakati akitawadha, na aliponyanyua uso hakuiona tena. Kila inapotokea hivyo tunamlaani mwizi, tunatafuta simu nyingine, na mambo yanaendelea kama kawaida.

Lipo swali ambalo hatujiulizi. Simu ile imekwenda wapi? Mwizi hali simu wala haivai. Anaiiba kwa sababu anajua kwamba kabla jua halijachwa atampata wa kumuuzia. Basi mtu huyo anayenunua ni nani, na anaishi wapi?

Tuanze na sisi wenyewe

Si haki kuwanyooshea wengine kidole kabla hatujajitazama. Miaka kadhaa iliyopita kijana wetu mmoja alikuwa anakwenda masomoni mbali na nyumbani, na ilibidi apatiwe simu. Jioni moja akapita barazani kijana tusiyemjua, mkononi ana simu nzuri. Haikuwa na boksi, chaja wala risiti, na bei aliyotaja haikufika hata nusu ya ile ya dukani. Alisema ana mgonjwa na anahitaji fedha haraka. Tulijiambia kwamba tunamwonea huruma, lakini ukweli ni kwamba tuliitamani bei yake. Tukalipa.

Usiku ule kijana wetu alipoiwasha alikuta majina ya watu yamehifadhiwa ndani yake, na moja liliandikwa "Mama". Asubuhi tukaipiga namba ile. Mama aliyepokea alitueleza kwamba simu ni ya binti yake, ambaye aliburutwa na wezi walipomvuta mkoba akiwa kwenye bajaji, na kwamba mkono wake ulikuwa bado umefungwa plasta. Hakututukana. Alituuliza swali moja tu: "Na nyinyi mliinunua kwa nani?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hata jina la muuzaji hatukumuuliza.

Simu tuliirudisha, na fedha zetu zikapotea. Wapo jamaa waliotuona wajinga, wakisema kwamba sisi tulinunua kwa fedha yetu halali na wizi tuliukuta umeshatendeka. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Katika sheria ya Kiislamu kitu kilichoibwa hakimtoki mwenyewe kwa kuwa kimeuzwa, hata kikiuzwa mara kumi. Wanazuoni wengi wanasema kwamba mwenye mali akiikuta mali yake kwa mnunuzi ana haki ya kuichukua, na mnunuzi atamfuata aliyemuuzia ili amdai thamani aliyotoa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa aliyenunua bila kujua. Ama anayenunua huku akijua, au akiwa na kila dalili ya kujua, huyo ameingia katika kusaidiana kwenye dhambi, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 2.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtia hatiani mtu anayepokea au kubaki na mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Simu nzima iliyouzwa kwa bei ya kutupa, usiku, na mtu asiye na anwani ni sababu tosha ya kuamini.

Kwa nini thamani yake haiishi

Wapo wanaouliza: kama simu za siku hizi zina namba ya siri, alama ya kidole na kufuli la kila aina, mwizi anapata faida gani? Faida zipo, tena si moja.

Kwanza, huiuza ikiwa nzima. Maadamu yupo anayetaka simu ya bei kubwa kwa fedha ndogo, soko litakuwapo. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayojulikana kwa jina la IMEI, na kampuni za simu zinaweza kuifungia simu kwa kutumia namba hiyo. Lakini simu ambayo mwenyewe hakutoa taarifa haifungiwi. Wengi wetu hatutoi taarifa, ama kwa uvivu au kwa kukata tamaa, na wengine hata namba yenyewe hatuijui. Aidha, wapo mafundi wasiomcha Mungu wanaoibadilisha namba hiyo, na kufanya hivyo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Pili, huiuza vipande vipande. Simu iliyoshindikana kufunguliwa bado ina kioo, betri, kamera na sehemu ya kuchajia. Kioo cha simu ya gharama kinapopasuka, mwenye simu hupewa bei mbili, ya kioo kipya na ya kioo "kilichotolewa kwenye simu nyingine". Ni wachache kati yetu wanaouliza hiyo simu nyingine ilikuwa ya nani.

Tatu, ndani yake mna fedha. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Mwizi aliyekuchungulia ukiandika namba ya siri, au aliyeikuta ni mwaka wako wa kuzaliwa, anaweza kukomba akiba yote na hata kukopa kwa jina lako. Akishindwa, huwaandikia ndugu zako akijifanya ni wewe, akiwaomba fedha au akiwaambia waitume ile hela kwenye namba nyingine. Kwa kuwa ujumbe umetoka kwenye namba yako, shangazi hutuma bila kusita.

Nne, ndani yake mna siri za watu. Picha za familia, mazungumzo ya mume na mke na barua za kazini vyote vimo humo. Wako waliolipa fedha nyingi kuliko bei ya simu yenyewe ili kunyamazisha vitisho vya kusambaziwa picha zao.

Kwa hiyo anayevizia kando ya barabara hupenda simu inayotumika wakati ule ule, kwa sababu huwa imeshafunguliwa. Akiipora kutoka mkononi mwako ukiwa unaandika ujumbe, milango yote iko wazi.

Safari ya mbali

Tusidhani kwamba balaa hili ni la nchi masikini tu. Tuutazame mji wa London, kwa sababu huko safari ya simu ya wizi imefuatiliwa karibu mpaka mwisho wake. Mwaka 2024 peke yake polisi wa mji huo walipokea taarifa za simu zaidi ya 116,000 zilizoibwa. Nyingi hunyakuliwa na vijana wanaopita kwa kasi juu ya baiskeli za umeme.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka huo, mtu mmoja aliyeibiwa aliifuata simu yake kwa njia ya programu ya kutafutia simu, ikamfikisha kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Simu yake ilikutwa ndani ya boksi pamoja na nyingine zipatazo 900, na boksi lile lilikuwa safarini kwenda Hong Kong. Kutokana na uchunguzi ulioanzia hapo, polisi walitangaza mwezi Oktoba 2025 kwamba wamewakamata watu wa kundi linalotuhumiwa kusafirisha hadi simu 40,000 kwenda China katika muda wa mwaka mmoja. Baadhi ya simu zilikutwa zimefungwa kwa karatasi ya foili ili zisionekane zilipo. Kwa maelezo ya polisi, kijana wa mtaani alikuwa akilipwa hadi pauni 300 kwa simu moja, na simu hiyo ikifika China huweza kuuzwa hadi pauni 4,000.

Kwa nini ziende mbali hivyo? Sababu moja ni kwamba simu iliyofungiwa Uingereza huweza kufanya kazi katika nchi ambayo kampuni zake za simu haziifuati orodha ya kimataifa ya simu zilizoibwa. Ni kama mtu aliyefukuzwa kijiji kimoja akahamia kijiji cha pili ambako hakuna anayemjua. Ndiyo maana kila mpaka ambako orodha hizi hazisomani huwa ni mlango wa faida kwa wezi.

Utaona kwamba katika mnyororo huo wote, aliyekimbia barabarani na kuhatarisha roho yake ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Faida kubwa iko kwa wakusanyaji na wauzaji, ambao mikono yao haikugusa mfuko wa mtu.

Wizi hupungua pale faida inapopungua

Hata hivyo hatuna sababu ya kukata tamaa, kwa sababu ushahidi upo kwamba simu ikikosa thamani mikononi mwa mwizi, wizi hupungua. Mwezi Septemba 2013 kampuni ya Apple iliweka kufuli jipya katika simu zake, ambalo linamzuia yeyote kuifuta na kuianza upya simu bila nywila ya mwenyewe. Katika muda wa miezi 12 iliyofuata, wizi wa simu hizo ulipungua kwa asilimia 25 katika mji wa New York na asilimia 40 katika mji wa San Francisco. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, ya kuwalazimisha watengenezaji kuziuza simu zikiwa na kinga ya namna hiyo. Mwaka 2024 Apple ililipanua kufuli hilo hadi kwenye baadhi ya vipuri, na Google nayo ikaanza kuleta kinga inayoifunga simu yenyewe pale inapohisi kwamba imenyakuliwa ghafla.

Hapa Tanzania, mfumo wa kuzitambua simu kwa namba za IMEI ulitumika mwezi Juni 2016 kuzizima simu bandia, na wananchi walielekezwa kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu yao ni halisi. Mfumo huo huo huwezesha kuifungia simu iliyoibwa katika mitandao yote ya nchini, madhali mwenyewe ametoa taarifa.

Lakini wezi nao hawalali. Kufuli lilipokuwa gumu, waligeukia vipuri, fedha zilizomo ndani, na masoko ya ng'ambo. Chombo pekee hakitoshi. Panahitajika watu wanaokataa kununua.

Yaliyo mikononi mwetu

Ndugu msomaji, tunaomba kila mwenye familia afanye yafuatayo, na ikiwezekana yafanyike leo hii baada ya chakula cha mchana, watoto na wazee wakiwapo.

Kila mmoja abonyeze *#06# katika simu yake. Namba ya IMEI itatokea, na simu ya laini mbili itaonyesha namba mbili. Ziandikwe kwenye daftari la nyumbani pamoja na jina la simu, tarehe ya kununua na jina la duka, na risiti ihifadhiwe hapo hapo. Daftari hilo lisikae ndani ya simu.

Kila simu iwekewe namba ya kufungulia isiyokuwa mwaka wa kuzaliwa wala 1234, na namba ya siri ya fedha iwe tofauti na hiyo. Laini nayo iwekewe namba yake ya siri, kwa sababu mwizi huweza kuitoa na kuitia katika simu nyingine. Huduma ya kuitafuta na kuifuta simu ukiwa mbali iwashwe mapema, kwa maana haiwezi kuwashwa baada ya simu kuondoka.

Ikitokea imeibwa, jambo la kwanza ni kuipigia simu kampuni ya mtandao ili ifunge laini na akaunti ya fedha, na kama una huduma za benki ndani yake, uiarifu na benki. Kisha nenda polisi ukachukue RB, uifikishe kwa kampuni ya simu pamoja na namba ya IMEI ili simu ifungiwe. Waarifu ndugu wasitume fedha yoyote. Ukipata ujumbe usemao simu yako imeonekana, na kwamba uandike nywila yako ili uione ilipo, usiuitikie. Huo ni mtego wa aliyenayo, naye anatafuta ufunguo. Na hata ukiona kwenye ramani nyumba ilimo, usiende peke yako. Nenda na polisi, kwani roho haina duka.

Unaponunua simu iliyotumika, mwombe muuzaji risiti na kitambulisho, andikianeni mbele ya shahidi, na linganisha IMEI ya simu na ile iliyoko kwenye boksi. Hakikisha ameondoa akaunti yake mbele yako, kwa kuwa mwenye simu anaijua nywila yake. Akishindwa yote hayo, iache. Usijali kwamba ataipata mwingine. Utaulizwa juu ya mkono wako.

Kwa ndugu zetu mafundi na wenye vibanda, ninyi mmeushika mlango wenyewe. Mnajua kuliko sisi kijana gani huleta simu tatu kwa wiki, zote zimefungwa na zote "amesahau nywila". Fundi anayeweka daftari la majina na kukataa kazi asiyoielewa atakosa shilingi kadhaa leo, lakini riziki yake itakuwa safi, na wanawe watakula halali.

Na aliyeokota simu asijidanganye kwamba ameruzukiwa. Kitu kilichookotwa kina hukumu zake katika dini yetu, na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yaliyomo katika Bukhari na Muslim ni kwamba kitangazwe kwa mwaka mzima. Simu ni rahisi kuliko vyote, kwa sababu mwenyewe ataipiga. Unachotakiwa ni kutoizima.

Tusiwe wauaji kwa ajili ya simu

Lipo jambo la mwisho, nalo ni zito. Mara ngapi tumesikia sauti ya "mwizi!", kisha tukaona kundi la watu likimkimbilia kijana kwa mawe na matairi? Mtoto wa mtu anauawa mchana kweupe kwa simu ambayo haijatimia saa moja mkononi mwake. Uislamu umeiweka adhabu mikononi mwa hakimu, baada ya ushahidi na masharti magumu, na haukumpa mpita njia ruhusa ya kumwaga damu. Wanaofanya hivyo hawakomeshi wizi. Wanaongeza dhambi kubwa juu ya ndogo, na kesho yake mkusanyaji wa simu humtafuta kijana mwingine.

Tafakari pia mwenendo wetu. Tunamchoma moto aliyeiba, kisha jioni tunakaa barazani tukimpongeza jirani kwa kupata simu ya bei rahisi. Kama hasira yetu ni ya kweli, ianzie kwenye mifuko yetu. Na mzazi ambaye mwanawe hana kazi, lakini kila mwezi ana simu mpya, asifurahie kimya. Amuulize ilikotoka, tena amuulize mapema, kabla swali hilo halijaulizwa na kundi la watu barabarani.

Aliyekwisha kununua huko nyuma, mlango wa toba haujafungwa. Lakini dhambi inayohusu haki ya mja haiishi kwa kuomba msamaha peke yake. Mwenye mali atafutwe na arudishiwe chake. Akishindikana kabisa kupatikana, wanazuoni wameelekeza thamani yake itolewe sadaka kwa niaba yake.

Sisi bado tunalikumbuka swali la yule mama, na tunaliacha kwako msomaji, ulibebe siku utakapooneshwa simu nzuri kwa bei ya ajabu. Kabla hujatoa fedha, jiulize utamjibu nini mama wa mtu akikuuliza uliinunua kwa nani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde familia zetu na mali zetu, atutosheleze kwa halali yake na haramu tusiihitaji, na awaongoze vijana wetu waliopotea njia. Amin.